Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Jumatatu, 8 Oktoba

Mdogo wangu Yara anasema tumbo linamuuma. Mama kamgusa paji la uso, hana homa. Kaenda shule hivyo hivyo, mkoba mkubwa kuliko mgongo.

Si tumbo. Ni Ijumaa. Darasa lao liliwaalika wazazi, na Baba alifika akitokea kwa kaka yake, Ami Shukri — yaani akitokea kwenye araki, pombe kali ya zabibu. Watoto walipoanza kuimba, akapanda jukwaani, akachomoa leso mfukoni na kuongoza dabke, ngoma ya kushikana mikono. Akamshika mkono Sista mkuu. Sista mkuu akacheza hatua kadhaa, angefanyaje? Watu walicheka mpaka machozi. Mama wa mtoto mmoja kaniambia nina bahati, baba yetu ni sherehe tupu.

Halafu akaangukia meza ya keki. Hata hapo wengine walipiga makofi.

Yara alikuwa kavaa vazi la kichala cha zabibu, maputo ya zambarau mwili mzima. Nilimkuta nyuma ya pazia anayapasua, moja baada ya jingine, kwa pini.

Jumatano, 10 Oktoba

Kila jioni Yara anakaa nyuma ya mlango kusikiliza ufunguo wa Baba. Ukiingia moja kwa moja, anabaki sebuleni. Ukianza kukwaruza kwaruza kitasa, anakuja chumbani kwangu na mto wake.

Leo kaja na mto.

Alhamisi, 11 Oktoba

Leo tumepewa rambirambi.

Kengele ililia alasiri. Baba ndiye aliyefungua, fulana ya ndani, glasi mkononi. Mlangoni Sista Marselina, mwalimu wa Yara, na mwalimu mwenzake. Nyuso za msiba. Wamebeba mfuko wa kahawa, ile wanayopelekewa wafiwa. Sista kamtazama Baba. Baba kamtazama Sista. Kawakaribisha ndani, kawapa viti, kauliza nani kafariki.

Sista Marselina ni mtu mkweli. Kasema: "Wewe."

Kumbe Jumatatu Yara alipewa barua ya wazazi, akairudisha. Akasema baba yake amefariki Jumamosi. Hakulia wala nini. Darasa zima likamwombea marehemu, na rafiki yake kampa penseli zake zote za rangi. Sista alishangaa hakusikia kengele za kanisa, ila akadhani tumezika kijijini.

Mama katoka jikoni na bakuli la rangi ya nywele mkononi, alikuwa na mteja aliyemfuata nyumbani. Kasimuliwa. Kaenda kupika kahawa, hiyo hiyo waliyoleta. Bila sukari, maana hakuna aliyethubutu kuiomba. Tumekunywa wote, na Baba pia. Wakati wa kuaga Sista kamwambia Baba, Mungu akupe umri mrefu. Hayo huambiwa waliobaki.

Ijumaa, 12 Oktoba

Jana sikumaliza, mkono ulichoka.

Walipoondoka nilidhani Baba atafoka. Mama alidhani hivyo pia, alisimama na trei kati yake na Yara. Lakini Baba kakaa, kamwita Yara.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Niliumia?"

Yara kafikiri. "Kidogo."

"Na nyinyi mlilia?"

"Jumana alilia. Mimi nilikuwa na mtihani."

Baba katoka kwenda roshani, kakaa huko mpaka chakula kikapoa. Glasi ilikuwa imejaa mbele yake na haikupungua. Sijawahi kuona.

Jumana ni mimi, na sikulia. Sikujua hata kama tumefiwa.

Jumanne, 16 Oktoba

Baba alitaka kuacha yote kwa mpigo. Jumapili mikono ilimtetemeka hadi kahawa ikamwagikia shati, na jasho kama mtu aliyetoka mtoni. Jana Mama kampeleka kwa Daktari Shadid. Daktari kawagombeza wote wawili: mtu aliyekunywa kila siku miaka yote hiyo hakati ghafla, anaweza kupata degedege, anaweza kufa kweli. Apunguze kidogo kidogo, ale kwanza, na kila wiki aende akaangaliwe. Akishafika chini, ataacha.

Kwa hiyo sasa araki inapimwa kwa kikombe cha kahawa. Anayepima ni Mama, jicho moja kalifumba, kama anavyopima rangi za wateja wake. Baba anasubiri kama mtoto wa chekechea.

Ami Shukri kapiga simu kuuliza kama ni kweli. Kasema hapa mjini Zahle mtu hukata mguu, hakati araki.

Jumapili, 21 Oktoba

Chakula cha mchana kwa Ami Shukri. Kibe, tabule, nyama mbichi, na mtungi mezani kama kawaida, yeye mwenyewe ndiye mpishi wa hiyo araki. Baba kafunika glasi yake kwa kiganja. Ami kamuuliza anaingia utawa lini, ili amshonee kanzu. Meza nzima ikacheka. Baba naye kacheka, kidogo.

Kanywa kipimo chake, kaongeza maji, kaongeza maji tena. Wakamwomba hadithi ya punda na askofu. Kaisimulia. Haikuchekesha. Alisahau mahali pa kunyamaza, au sisi ndio tulisahau kucheka, sijui. Shangazi mmoja kamnong'oneza Mama: Baba Jumana anaumwa?

Tumeondoka mapema. Ila Baba aliendesha upande wake wa barabara njia nzima.

Jumatano, 24 Oktoba

Baba kaniuliza habari za fizikia. Hajawahi kuniuliza. Nikasema fizikia haijambo.

Niandike tu, hakuna anayesoma hapa. Namkosa Baba yule mwingine. Yule alikuwa anatuimbia ngazini, ananunua peremende kilo nzima. Huyu anarudi kutoka kutengeneza majokofu ya watu, anakaa, anatazama ukuta, anakasirika kwa sababu ya kijiko. Halafu anaomba radhi kwa sababu ya kijiko.

Yara bado anakaa nyuma ya mlango. Ufunguo unaingia moja kwa moja siku zote hizi. Anasema labda Baba anafanya mazoezi.

Ijumaa, 2 Novemba

Nimekuta chupa ya araki kwenye sanduku la vifaa la Baba, chini ya koleo. Nimemwaga yote kwenye sinki, nikajaza maji, nikairudisha. Rangi ni ile ile. Najiona mjanja sana.

Jumamosi, 3 Novemba

Si mjanja.

Mchana Mama alikuwa saluni. Nilimwona Baba roshani na ile chupa. Kamimina kwenye glasi, kaongeza maji juu yake. Araki ikitiwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa, hata mtoto mchanga wa Zahle anajua. Mimi nilisahau.

Haikugeuka. Kasubiri. Kainua glasi kwenye jua. Kasubiri tena. Halafu kanywa yote, maji matupu, taratibu, kama mtu aliyeandikiwa dawa.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Kaja kakaa karibu nami.

"Usinilinde, Jumana."

Nikamwambia basi nani atakulinda.

"Wewe ni mtoto. Nenda kasome fizikia yako."

Mama alipofika, kamwambia mwenyewe, kabla hajavua koti. Mama hakupaza sauti. Kampigia Daktari simu. Nililia chooni, na sijui nililia kwa ajili ya nini hasa, maana hakuna kilichovunjika.

Jumanne, 20 Novemba

Kesho shule ya Yara inasherehekea Uhuru. Anasoma shairi. Mwaliko kampa Mama, mkononi, jikoni, mlango umefungwa. Nyumba yetu ni ndogo. Baba kasikia, hakuuliza.

Jumatano, 21 Novemba

Naandika nimesimama, gauni la sherehe linanibana.

Baba kavaa suti tangu asubuhi. Hakuna aliyemwambia avae. Kanyoa, kakaa sebuleni, anasoma gazeti la juzi. Kipimo cha jana hakukichukua. Daktari alikuwa kashamruhusu kuacha, lakini jana ndiyo mara ya kwanza. Kasema hajalala. Mikono iko magotini, anaishikilia kama vitu vya watu.

Yara katoka na shairi lake na utepe kichwani. Kamtazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Unakwenda wapi?"

"Popote utakaposema."

Yara kafikiri sana. Kasema anaweza kuja hadi getini. Baba kasema getini ni pazuri. Yara kasema labda mlangoni pa ukumbi, kwa nyuma, ila asisimame. Baba kasema hatasimama.

Mama anapiga honi huko chini. Tumechelewa. Nimesema twende, hakuna anayenisikiliza.

Yara kamwambia, "Inama."

Kainama, suti ikambana mgongoni.

"Pumua."

Baba kafumba macho, anapumua.

Yara bado ananusa. Pua yake iko karibu kabisa na mdomo wa Baba. Mama kapiga honi tena —