Paa Lako Limerudi

Mama, shikamoo.

Nyumba yako ya kule mlimani imeezekwa. Usifurahi kwanza.

Wiki hii ni ya michezo. Kijiji chetu, Tumati, kimejaa wageni: wakimbiaji, wacheza mpira, wavuta kamba, na watumishi waliokuja na wake na watoto wao. Kamati ikaona watoto hawawezi kushinda uwanjani siku nzima, watafutiwe pa kutembelea. Kwa hiyo asubuhi wanaonyeshwa shamba la kijiji, halafu wanapandishwa mlimani kuona nyumba ya zamani. Hiyo nyumba ya zamani ndiyo tembe lako.

Watu wa serikali walipokuhamishia kijijini kwa nguvu, waliling'oa paa ukiwa umesimama pale, ili usirudi. Miaka miwili uliomba jambo moja tu: "Nirudishieni paa, kuta ninazo." Mwenyekiti wa kijiji alikujibu hakuna miti, hakuna watu. Ukafia kwenye ile nyumba ya mstarini, ukilalamika kwamba jirani anakohoa kama yuko kitandani kwako.

Wiki iliyopita miti ilipatikana. Watu ishirini, asubuhi moja, fito, majani, udongo juu, kwisha. Wameazima mpaka mbuzi wakamfunga ndani, na karibu na jiwe lako la kusagia wametundika kibuyu ambacho si chako.

Na anayewazungusha wageni ni mimi. Eti mwalimu, Kiswahili chake kizuri. Sikukataa, Mama. Nasimama mlangoni kwako naeleza watu walivyokuwa wakiishi, huku mama mmoja ameziba pua kwa leso na watoto wanakula mayai ya kuchemsha mahali ulipokuwa ukilala. Maganda naokota mimi. Jana walikimbia juu ya paa, maana kwa nyuma limelingana na mlima, udongo ukadondoka ndani. Nikakumbuka ulivyokuwa ukigonga boriti kwa mwiko: "Shuka, unatumwagia udongo kwenye uji." Safari hii hapakuwa na wa kuwafokea.

Leo binti mdogo alinishika mkono akauliza, "Mwalimu, mwenye nyumba yuko wapi?"

Mwenyekiti alikuwa pembeni. Nikasema, "Alihamia kijijini, anaishi vizuri."

Nilisema hivyo, nawe huna hata mwaka kaburini. Mpaka sasa naona kinyaa na mdomo wangu mwenyewe.

Wageni wakishaondoka, miti itashushwa ikajengee ghala. Siwezi kuzuia. Lakini kesho kuna kundi la mwisho, na sitangoja mtoto aulize. Nitalitaja jina lako. Nitasema wewe ni mama yangu, kwamba paa hili uliliomba miaka miwili ukanyimwa, na limewekwa kwa ajili yao, kwa wiki moja. Mwenyekiti na asikie. Wakitaka kuninyang'anya chaki, wachukue.

Buriani, Mama. Jiwe lako la kusagia nitashuka nalo mgongoni kesho hiyo hiyo, wageni wakitazama. Halitanyeshewa tena.