Mwembe wa Bafuni

Kiboko,
Jumapili, mwezi wa pili

Kwa ndugu yangu Mutua,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha kwa vumbi la barabara ya Mombasa. Goti la Mama linaendeleaje? Na ng'ombe, amezaa? Hukutaja. Barua yako ilianza moja kwa moja na matofali.

Nimeelewa kwamba matofali yamekauka, kwamba ni lazima uyachome kabla ya mvua, na kwamba kuni zitatoka kwenye ule mwembe wa karibu na bafu. Sikuandikii kukukataza. Nyumba ya Mama inavuja, na anayeyasikia matone usiku ni wewe, si mimi. Ila nakuomba usiguse shoka kabla hujamaliza kusoma.

Unakumbuka Krismasi nilirudi huku na kiondo cha maembe yake. Nilitaka kuyala polepole peke yangu, lakini harufu ile haifichiki. Mzee Bakari, fundi wa kitalu cha miche hapa kituo cha utafiti, mtu wa Malindi, alikula mawili, kisha akapangusa kisu chake.

"Hili halina nyuzi hata moja. Umeliiba wapi?"

"Ni la kwetu Kitui."

"Kitui? Huko si mnakula mawe?"

Walicheka wote. Mkubwa wetu anayesimamia miti ya matunda akasikia, akaja, akaonja. Nikamweleza kwamba msimu uliopita mvua ilikosa, miembe ya majirani ikapukutisha maua yote, huu wetu ukazaa. Akaacha kutafuna. Mti wa namna hiyo ndio wanaoutafuta hapa, unaovumilia ukame na tunda lake likauzika sokoni.

"Ni mti," akaniuliza, "au ni mahali uliposimama?"

"Ni mti," nikajibu kwa majivuno.

Mzee Bakari akaniangalia. "Na unakunywa nini huo mti wenu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka bafu letu la magunia. Tangu utoto tumeogea pale, na maji yote huteremkia kwenye mizizi yake. Nikasema ukweli.

"Ala!" akasema Mzee Bakari. "Kumbe unaoga kila jioni! Kuliko wewe, Musyoka!"

Tangu siku hiyo swali halinitoki. Jioni nikiandika shajara yangu najikuta nimerudi palepale. Nyuzi najua ni jambo la mti wenyewe, kwa sababu miembe ya kando ya mto ina maji tele na maembe yake bado yanakwama kwenye meno. Lakini kuzaa wakati wa ukame? Mpapai wa upande wa pili wa bafu ulikunywa maji yaleyale, na ulikauka. Wewe wasemaje? Kweli sijui, na sijawahi kutamani kujua kitu hivi.

Njia ya kupata jibu ipo. Inaitwa kubebesha: unafunga kijiti cha mti mmoja juu ya mche wa mwingine, vikishikana, mche ule huja kuzaa tunda la mti uliotoa kijiti. Mbegu hazina uhakika huo. Tukibebesha miche kadhaa vijiti vya mwembe wetu na kuipanda hapa kwenye udongo mkavu, pasipoogewa na mtu, miaka michache ijayo itatuambia. Mzee Bakari ananifundisha, ingawa mkono wangu bado haujatulia. "Mkamba mzima anachonga twiga wa mbao," ananiambia, "kijiti cha embe kinamshinda!"

Ruhusa ya kuja sina hadi Pasaka, kwa hiyo naomba mikono yako. Chagua ncha za matawi zilizokomaa, zenye unene wa penseli. Kata majani yake lakini acha vikonyo vyake. Baada ya wiki moja hivi, ukivigusa vikonyo vikaanguka vyenyewe, vijiti viko tayari. Vikate, vifunge kwa gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha nailoni, na umpe dereva wa lori la mbuzi linalokuja Emali siku ya soko. Nitalingoja huko stesheni ya Emali. Visipigwe na jua, na mbuzi wasivione.

Ili kazi yako isilale, anza hata kesho na matawi makubwa ya upande wa bafu. Niachie matawi ya upande mwingine tu, kwa hiyo wiki moja.

Miche ikishika, Krismasi nitakuja na mmoja. Wewe ndiye utakayechagua pa kuupanda: pawe pakavu kuliko pote shambani, mbali na bafu. Nitafurahi tukiungojea pamoja, Mama akiwa ndani ya nyumba isiyovuja.

Nisalimie shemeji Mwende, mwambie kiondo chake nitakirudisha. Nisalimie pia jirani yetu mwalimu aliyenifundisha kusoma. Mama umwambie aendelee kuogea palepale, wiki hii mti usikose maji kwa ajili yangu.

Vijiti vikishapanda lori, shoka ni lako.

Ni mimi mdogo wako,
Musyoka