Mwache Mtoto Atoke Konani

Papa Plamedi wangu,

Sijui barua za kwenda huko uliko zinapitia wapi, kwa hiyo hii nitaisoma kwa sauti uwanjani kesho asubuhi, kabla wasichana hawajafika, nikiwa nimeielekea ile kona ya ukuta wa parokia. Nadhani hapo utanisikia. Ninaandika kwa sababu ya binti yetu. Plamedi ameanza kuingia konani kwa hiari yake, na sasa hataki kutoka. Nataka umwache.

Lakini nianze taratibu, maana hukupenda kamwe nikuanzie na lawama kabla hujavua viatu.

Unakumbuka jinsi ulivyoingia kwenye timu yangu ya mpira wa kikapu? Mimi ndiye niliyekuwa kocha. Wewe ulikuja tu kunisindikiza, goti lako bovu limepakwa mafuta ya mentholi, unanuka kama duka zima la dawa. Wasichana wangu walikimbia vizuri na kudunda mpira vizuri mpaka wapinzani wawili wawasogelee. Hapo walifumba macho na kuutupa mpira popote. Siku ile waliutupa mara kadhaa kwenye bustani ya mapadri, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilikasirika. Nikakuambia, kama unajua zaidi, inuka ufundishe. Ukainuka.

Tangu hapo zoezi likawa lako. Ulimsimamisha mwenye mpira konani, ukuta nyuma yake, ukamkataza kudunda. Wasichana wawili walimzingira, kisha wewe, mtu mzima na tumbo lako, ukajipenyeza katikati yao ukawa wa tatu. Mpira chini ya kidevu, viwiko nje, ageuke kwa mguu mmoja, atafute mwenzake aliye katikati ya uwanja. Akishusha kiwiko, ulikigonga kwa vidole viwili. "Usikimbie mukono, mukono haiume!" ulimpigia kelele. Na mimi niliponung'unika kwamba unawaonea, ulinijibu, "Bon, akizoea batu tatu, ile mbili itakuwa muchezo." Ikawa kweli. Baada ya muda wasichana wetu walizingirwa wakiwa wanatabasamu.

Plamedi peke yake ndiye aliyeendelea kushusha kiwiko cha kushoto. Nilishuku anafanya makusudi. Ulikuwa unarudi kutoka kazini kule Bangboka umechoka, unakula, unalala, na pale konani ndipo alipokupata wewe mzima.

Halafu ukaugua, ukafa. Niliona sanduku likishuka na udongo niliutupa kwa mkono wangu. Nasema hivi ili usidhani nimerukwa na akili. Najua umekufa.

Tuliporudi mazoezini, ukungu wa mto ulikuwa umepanda mpaka uwanjani, hata kikapu cha upande wa pili hakikuonekana. Nilipanga zoezi lako kwa sababu sikuwa na wazo lingine. Plamedi konani, Sakina na mwenzake wakamzingira. Nikaona wameacha pengo katikati yao, upana wa mtu. Nikawaambia wafunge. Wakasogea, wakafika karibu, wakasimama. Pengo likabaki.

Sakina unamjua, yule binti wa watu wa Maniema asiyeogopa kitu. Nilimwita pembeni nikamkaripia kwamba mlinzi mzuri haachi mlango wazi. Akaniangalia kama anayenihurumia.

"Coach, mi sikuacha. Pale iko mutu."

Nikamwambia aache upuuzi. Akalisugua bega lake la kulia, upande wa lile pengo. Wiki iliyofuata alikuja msichana mpya kutoka Ubundu, ambaye hajawahi kukuona hata kwenye picha. Nilimpanga na Sakina bila kumwambia neno. Akaacha pengo lilelile, upana uleule, na alipomaliza akaniuliza kwa adabu kama yule papa ni kocha pia.

Mume wangu, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nimebebwa na toleka, baiskeli inayumba kwenye mashimo, na mimi nyuma nacheka peke yangu mpaka mwendeshaji akageuka kunitazama. Jioni ile nilipokuwa nafua jezi ya Plamedi, mkono wa kushoto ulinuka mentholi. Kopo lako la mafuta nililitupa mwenyewe baada ya matanga. Niliikumbatia ile jezi ikiwa imelowa, na sikuona hatari yoyote. Nilijiambia, baba wa watu amekuja kumaliza kazi yake.

Hatari niliiona Jumamosi iliyopita, tulipokwenda kucheza Makiso. Plamedi alipata mpira, wapinzani wawili wakamjia, na njia ya katikati ilikuwa wazi kama barabara ya Jumapili. Sakina alikuwa amesimama pale, mikono juu, anamwita kwa jina. Plamedi alimwona. Nakuapia alimwona. Kisha akageuka, akaupeleka mpira mwenyewe mpaka konani, akasimama, akauweka chini ya kidevu. Wale wapinzani walimzingira, na wao pia wakaacha pengo. Watoto wasiotujua, Papa Plamedi, kwenye uwanja ambao hukuwahi kuukanyaga. Mwamuzi akahesabu sekunde za kushika mpira, akapuliza filimbi, akawapa wapinzani mpira. Plamedi hakusikia. Alikuwa amekishusha kiwiko cha kushoto na anatabasamu.

Alifanya hivyo kila alipopata mpira. Tulifungwa, lakini hilo siliandikii barua.

Nyumbani nilimpakulia pondu ya majani ya muhogo na samaki, akachezea chakula tu. Nikashika mkono wake. Jua lilikuwa bado kali nje, mabati yanalia kwa joto, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni. Nikamuuliza nini kinamvuta kule konani.

"Mama, papa iko pale."

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu. Ananigusa tu huku." Akaonyesha kiwiko.

"Alors, juu ya nini hautoke? Papa yako alikufundisha kutoka!"

Alinijibu polepole, kama mimi ndiye mtoto. "Nikitoka, yeye anabaki. Donc mi nabaki na yeye." Halafu akasema neno lililoniondolea usingizi. "Zamani alikuwa ananisukuma, mama. Sasa ananivuta."

Siku hizi anaamka kabla yangu. Namkuta uwanjani kwenye ukungu, begi la shule chini, mgongo umebanwa ukutani, mpira chini ya kidevu. Kila asubuhi inanibidi nimwite mara nyingi zaidi ndipo ageuze uso. Jana nilipomfikia, midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu, na ilibidi nimwondoe kwa kumvuta, mimi upande huu na sijui nani upande ule. Alikuja, lakini alikuja kwa shida. Mkono wake ulitoka ukutani kama mguu unavyotoka kwenye tope.

Nilimpeleka shuleni, nikarudi peke yangu. Ndiyo, nilirudi. Nilichukua mpira, nikasimama palepale, mgongo ukutani, nikashusha kiwiko cha kushoto, kisha cha kulia, kisha vyote viwili. Nilikuita kwa jina nililokuwa nakuita kabla hatujapata mtoto. Nikangoja mpaka ukungu ukaondoka na mama anayeuza mikate ya chikwangue akapita barabarani akanisalimia. Hakuna kilichonigusa. Ukuta ulikuwa ukuta, na jua lilipoufikia ukapata joto kama kuta zote.

Iliniuma, na sitakuficha. Miaka yote ile kitandani kwako, na ukija unamwendea mwingine. Nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe. Nilikaa chini pale nikalia, tena nilikutukana, na kama ulisikia basi umesikia.

Sasa nisikilize kama kocha, maana kama mke hukunisikiliza sana. Ulimweka mtoto konani ili ajifunze kutoka. Hilo ndilo lilikuwa somo zima, hakukuwa na lingine. Uliwabana watoto wa watu mpaka wakalia, nami nikakutetea mbele ya mama zao, kwa sababu niliamini kila ulipowabana ulitaka wakushinde na wakuache nyuma. Plamedi hajawahi kukuacha nyuma. Labda wewe nawe hujawahi kutaka. Sikulaumu kwa kumpenda. Huko kuna baridi, nimeigusa kwenye vidole vyake, na huenda yeye ndiye joto pekee unaloliona. Lakini ana miaka kumi na minne. Joto hilo ni lake, analihitaji lote.

Jumamosi tunacheza tena, na wapinzani wamekwisha kumjua, watamzingira mapema. Ningeweza kumkalisha benchi. Nimekataa, kwa sababu kona zipo kila mahali, hata jikoni kwangu, na siwezi kumkalisha maisha yake yote. Nitasimama kwenye mstari, karibu na wenzake wa katikati, na nitamwita mara moja tu. Atakuwa na sauti yangu mbele na mkono wako nyuma. Mimi sina nguvu za kukushinda kwa mtoto huyu, sikuwahi kuwa nazo hata ulipokuwa hai. Kwa hiyo sishindani nawe, nakuomba. Utakaponisikia nikimwita, mwachilie.

Na kama huwezi kukaa bila kumshika mtu, mume wangu, nishike mimi. Plamedi ameshakua, anaweza kujipikia. Mimi sitauliza njia ya kutoka.

Mkeo,
Mama Plamedi