Hapana ya Mama

Tumu wewe! Acha kila kitu usome hii.

Redio imesema nchi yetu imepanda kidogo kwa zile hesabu za ufisadi duniani. Ati mambo yanakuwa mazuri. Mama akaweka chai chini, akasema, "Hata mimi waliwahi kuniuliza habari za hongo."

Kumbe ni kule kijijini kwetu Nuu, tisini na saba, ule mwaka wa njaa! Kijana wa utafiti alifika kwake na karatasi. Na unajua nani alimleta, akakalia kiti cha baba? Naibu chifu. Yule yule aliyemnyima mama mahindi ya msaada kwa sababu hakumpelekea kuku!

"Mama, umewahi kuitishwa hongo?"

Na naibu chifu anamwangalia. Anamwangalia tu!

Mama akatuangalia sisi watoto. Akasema, "Hapana. Hapa kwetu hakuna."

Kijana akaandika hapana. Akamshukuru!

Kesho yake mama akaitwa kuchukua mahindi. Bila kuku.

Sasa ananiuliza kama ile hapana yake ndiyo ilikuwa hongo. Nimemwongezea chai, Tumu. Uji wa hayo mahindi niliunywa mimi.