Mbuzi Yetu Inang'aa, Lakini Haikuni

Shikamoo Bi Mina,

Mimi ni msichana wa kidato cha pili hapa Kerege, nasoma mkondo wa amali, fani ya useremala, na nakuandikia kwa sababu nyumbani nikilisema hili watanicheka, na shuleni nikilisema naogopa kupoteza kitu nilichokipata kwa shida. Mwalimu wetu wa ujasiriamali, Mwalimu Bwanausi, anasema biashara haifundishiki ubaoni peke yake, hivyo kila kundi limetakiwa litengeneze bidhaa na kumwuzia mtu asiye ndugu wala mwalimu, na kundi letu, wavulana wanne na mimi, tukachagua mbuzi za kukunia nazi, kwa kuwa hakuna nyumba ya huku isiyokuwa nayo. Mikdad, mkurugenzi wetu, akasema tusirudie za kizamani, watu wamechoka kukaa chini kama wanachuma mchicha, basi tukaziinua zikawa na urefu wa kiti, tukazipaka vanishi, zikang'aa hata mimi mwenyewe nikazisifu. Mama Champaben mwenye duka la vyombo Bagamoyo mjini akatuambia, "Mwisho wa mwezi leteni moja nione. Ikifaa nachukua zote, isipofaa mnabeba wenyewe," nasi tukashangilia njia nzima.

Tatizo, Bi Mina, juzi niliikalia moja nikijifanya nakagua miguu, na palepale nikajua haikuni. Ukiinama upate nguvu inataka kukurusha mbele, na sinia liko mbali huko chini, nazi yote itaishia sakafuni. Nimekuna nazi tangu nikiwa mdogo, najua. Nilipoanza kusema, "Jamani, naona iko juu," Abdulazizi akadakia, "Kwani wewe fundi au mpishi?" wakacheka, nami nikacheka nao, nikaendelea kupiga msasa. Nilipochagua useremala shangazi aliniuliza kama nataka kuolewa na mbao, na leo wavulana hawa wananiachia randa bila kunisimamia, sasa nikisema nimeliona kosa kwa sababu ya mambo ya jikoni, si watanirudisha hukohuko? Na nikinyamaza, tutarudishwa na mbuzi zetu mbele za watu. Nifanyeje? Majina yote nimeyabadilisha, isipokuwa la mbuzi.

Adila, Kerege

*

Marahaba, Adila mwanangu.

Nimecheka mpaka nikaomba maji, kisha nikakukasirikia. Wavulana wanne wanakula wali wa nazi tangu walipoota meno, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza tui linatoka wapi! Hao nawasamehe, hawakujua. Wewe ulijua, ukapiga msasa. Kulainisha kitu unachojua hakifai, ni ufundi gani huo?

Hofu yako naielewa, na huyo shangazi mwambie nimemsikia. Lakini fundi wa viti hukikalia kiti chake kabla hajakitoa, na hakuna anayemwuliza kama yeye ni fundi au mgeni. Ulichokipata jikoni ni kipimo, sawa na futi kamba uliyonayo mfukoni. Wenzako hawana. Ndiyo maana wamepotea.

Sasa nisikilize. Usiwahutubie. Nenda na nazi mbili, zivunje upate vizio vinne, weka sinia, uwaambie bidhaa haitoki bila kujaribiwa. Kila mvulana akune kizio chake mpaka kiishe, aanze Mikdad kwa kuwa ndiye mkurugenzi. Wewe usiguse nazi hata wakikubembeleza. Kazi yako siku hiyo ni kusimama na futi kamba na penseli. Nazi ikishawajaa kwenye soksi, watauliza wenyewe miguu ikatwe wapi. Hapo chora mstari, na msumeno ushike wewe. Usimpe mtu.

Abdulazizi akikuuliza tena swali lake, mjibu: "Fundi." Neno moja, bila kucheka.

Na mkifika dukani msimweleze mama Champaben habari ya vanishi. Mwekeeni sinia, mpeni kizio, mkaribisheni akae. Kisha nyamazeni, mwacheni akune.

Bi Mina