Vifuniko Tumboni mwa Mbuzi

Jumanne

Mimi niliyepika kahawa Doha, mimi niliyewaletea watu wa Kyumbi kikombe cha kutupa chenye kifuniko cha plastiki, leo nimekosa mzaha. Wateja kwenye kibanda changu cha kahawa wakauliza kama naumwa.

Mbuzi wa jirani yangu Mama Mwende amekufa. Maziwa ya mjukuu wake yalitoka kwa huyo. Walipompasua tumbo walitoa vifuniko vyangu, rundo zima. Watu huvitupa hapo barabarani, naye mbuzi akavila kwa utamu wa sukari iliyobaki.

Nilingoja anitukane. Jioni alikuja na kikombe chake cha bati.

"Tia humu. Hicho chako sikitaki tena."

"Pole, mama."

"Pole mwambie mtoto. Ameshinda akiita mbuzi."

Alipoenda nikaandika kwa katoni: KUJA NA KIKOMBE CHAKO, NIKUONGEZEE KAHAWA.

"Mtu wa Doha amerudi ushago, kijijini kabisa!" wateja wakanicheka. Nikacheka pia, kidogo tu. Lakini wawili wamesema kesho watakuja na vikombe vyao.

Asubuhi nitampelekea mtoto maziwa ya duka. Ataniuliza mbuzi yuko wapi, na mimi, na huu mdomo wangu wote wa mizaha, bado natafuta la kumwambia.