Fundo Lisilo na Gundi

Jumamosi, 11 Oktoba

Kubadilisha betri za saa tena, asubuhi nzima, kibandani kwa khalti, dada yake mama. Baridi inapita chini ya turubai mpaka kwenye kucha. Khalti Zuhura anasema soko la Walthamstow, hapa London, halijawahi kuwa baya namna hii. Husema hivyo kila Jumamosi.

Mchana akaja mama mmoja wa Kiingereza, Helen, na mfuko mdogo wa plastiki. Ndani mkufu uliokatika. Wa mama yake. Aliununua ujanani huko Arizona, Marekani, kwa mwanamke wa Kinavajo, wenyeji wa huko, aliyeutengeneza mwenyewe. Mawe ya buluu ya feruzi na gamba la chaza. Mama huyo anatimiza miaka tisini Jumapili ya wiki ijayo. Yuko nyumba ya wazee, hamtambui hata Helen. Helen anataka kumvisha. "Labda ataukumbuka mkufu, hata kama mimi hanikumbuki." Akacheka, halafu akaangalia pembeni.

Khalti akanipa mimi. "We ndo mwenye macho. Ukiuweza huu, kazi ya kutunga shanga nakuachia. Ukiuharibu, rudi kwenye betri zako." Mbele ya mteja! Nikatazama viatu. Lakini nitauweza. Najua. Kusema ndo siwezi. Mikono yangu haina haya.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemwaga vyote juu ya taulo. Hakuna shanga mbili zilizo sawa. Kila moja imekatwa na kutobolewa kwa mkono, na feruzi zina mishipa ya kahawia kama mguu wa Bibi. (Asije akasoma.) Nilitaka kuzipanga kwa ukubwa. Nikajizuia. Nimefuata vipande vya uzi wa zamani, vilivyobaki na shanga zake.

Kuna vitanzi viwili vidogo, vizima. Feruzi ndogondogo, na chini vipande vya gamba, vyeupe na vyekundu. Helen hajui ni vya nini. Anakumbuka tu kwamba vilining'inia chini ya mkufu.

Bibi akapita anatafuta miwani. Akachukua kitanzi kimoja, akakipitisha kwenye ndewe yake. Masikio yake yalitobolewa Pemba akiwa mtoto, yakapanuliwa kwa majasi, yale mapambo mazito ya duara. Tundu linaingia kidole changu. "Haya, arusi ya nani?" Akatikisa kichwa. Tukacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Herini. Vile vitanzi ni herini.

Jumanne, 14 Oktoba

Maktaba ya shule, kitabu kikubwa cha picha. Ndiyo! Zilivaliwa masikioni, na zisipovaliwa zilifungwa chini ya mkufu. Picha moja mwanamke anazifunga, nyingine anazifungua. Nilitaka kumwambia mtu. Nikala chakula changu.

Sasa taabu. Sheria ya kwanza ya Khalti: fundo halitoki kibandani bila gundi. Gundi ikikauka, herini hazitoki tena ila kwa mkasi. Zinakuwa pambo tu. Sijui kama mama yake Helen aliwahi kuzivaa. Lakini aliyezitengeneza alitaka zifunguke. Hilo nina hakika nalo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepita kibandani baada ya shule, nikamwambia Khalti. Akawaka.

"Zikidondoka huko, zikapotea, nani atasimama mbele ya yule mzungu?"

"Nitamuuliza mwenyewe. Kwa simu."

"Wewe? Unayeagiza chipsi kwa kuonyesha kidole?"

Nilipiga nimesimama nyuma ya kibanda cha viazi. Kiingereza changu chote kilikimbia, kikarudi kidogokidogo. Helen hakujua kuwa ni herini. Hajawahi kumwona mama yake na herini zile masikioni. Hata mara moja. "Fanya unavyoona sawa," akasema.

Hilo ndilo nililoliogopa. Angesema hapana ningelala vizuri.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimezifunga herini chini ya mkufu kwa kamba ya pamba, fundo kama la kiatu, mkia mmoja mrefu. Bila gundi. Khalti akashika herini, akavuta. Akavuta tena, kwa hasira. Halikuachia. Akavuta mkia, likafunguka lote. Akasonya. "Haya. Hiyo kazi yako, si yangu."

Mkufu ulikuwa mzuri. Naandika bila aibu. Mzuri kabisa.

Helen ameuchukua. 

Jumapili, 19 Oktoba

Leo ndo siku yenyewe. Simu kimya. Nimemkasirikia Helen na sina haki. Bibi kaniuliza mara mbili kama naumwa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Helen amekuja. Nilimwona mbali, kati ya watu, na nikaona kitu cha buluu kinacheza shingoni. Si shingoni. Masikioni.

Anasema siku ile mama yake alivishwa mkufu, hakuonyesha kuukumbuka. Wakakata keki. Helen akajua ndo basi. Halafu vidole vya mama vikashuka polepole mpaka chini, vikaupata ule mkia, vikavuta. Bila kutazama. Akajaribu herini moja sikioni mwake. Matundu yameziba. Akaishika kidogo, kisha akamnyooshea Helen zote mbili.

"Vaa wewe. Mimi nimeshatoka sana."

Hakumwita jina. Helen anasema haidhuru. Amekaa miaka yote hiyo hajui kama mama yake alikuwa mtu wa kutoka jioni, kujipamba na kustarehe. Mkufu wenyewe mama hataki kuuvua, hata akiogeshwa.

Herini Helen alikuwa amezining'iniza kwa uzi wa kushonea kwenye vipete vyake vya sikio. Moja chini, moja juu. Nikamkalisha kwenye kiti cha Khalti nikazisawazisha. Sikumwambia mengi. Alinishika mkono, akaenda zake.

 Khalti alisogeza trei ya sindano na nyuzi upande wangu wa meza. Gundi akaiacha upande wake.

Jioni betri alibadilisha yeye.